Makala za Dkt. Idro na historia ya malaria ya ubongo

Katika vijiji vya Buteba, wilayani Busia upande wa Uganda, mama anajua malaria inapompanda mtoto kichwani. Homa inakuwa kali, mwili unakakamaa, macho yanageuka juu, degedege linaanza. Jirani zao wa Tororo waliwahi kufanyiwa utafiti mwaka 2001 na 2002, ikakadiriwa kwamba mtu mmoja alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea mara 562 kwa mwaka, zaidi ya mara moja kila usiku. Lakini homa ikishashuka, ubongo wa mtoto unabaki na hali gani? Sehemu kubwa ya jibu imo katika makala za daktari Mganda, Richard Idro.

Msingi wa kazi hiyo uliwekwa Blantyre, Malawi. Mwaka 1989 watafiti walichapisha kipimo cha koma kwa watoto ambao hawajaweza kusema. Daktari anabonyeza ukucha wa mtoto kwa kalamu, anaangalia kama mkono unarudi nyuma, anasikiliza kilio, kisha anatazama kama macho yanafuata uso wa mama. Alama tano ni fahamu kamili. Mbili au chini ni koma. Tangu hapo, daktari wa Kampala na wa Kilifi, Kenya, waliweza kulinganisha wagonjwa wao.

Idro, bingwa wa magonjwa ya watoto wa Chuo Kikuu cha Makerere na hospitali ya Mulago, alianza kwa kuuliza ni watoto gani wanaokufa. Mwaka 2003 aliandika katika jarida la African Health Sciences kuhusu upungufu mkubwa wa damu kwa watoto wenye malaria ya ubongo. Kisha akafanya kazi Kilifi pamoja na mtafiti Charles Newton. Makala yao na Neil Jenkins katika jarida la The Lancet Neurology, Desemba 2005, ilikusanya yaliyojulikana kuhusu namna vimelea vinavyoudhuru ubongo, na imerejelewa na watafiti wengine mamia ya mara.

Mwaka 2007 ikafuata makala katika jarida la JAMA, iliyotokana na kumbukumbu za wodi ya Kilifi za miaka ya 1992 hadi 2004. Kati ya watoto 19,560 waliolazwa kwa malaria, 9,313 walikuwa na dalili za ubongo au mishipa ya fahamu: degedege, kuzimia, kushindwa kukaa. Katika kundi hilo walikufa 2.8%, kwa wasio na dalili hizo, 0.2%.

Waliopona nao walikuwa na habari yao. Utafiti wa Kampala uliochapishwa 2008, ukiongozwa na mtafiti Chandy John na Idro akiwa miongoni mwa waandishi, uliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12. Miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, 26.3% walikuwa na udhaifu wa akili katika kukumbuka, kufikiri au kuwa makini. Kwa watoto wa mitaa ileile ambao hawakuugua, 7.6%. Mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akitembea anaweza kuwa yuleyule anayeitwa mvivu darasani.

Baadaye Idro aliugeukia ugonjwa mwingine wa ubongo wa watoto, ule wa kutikisa kichwa, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2013 alichapisha dalili na picha za ubongo za wagonjwa, na 2024 matokeo ya jaribio la dawa ya doksisaiklini.

Vyuo vikuu hupenda kumpima mtafiti kwa kuhesabu marejeleo, na hesabu hiyo ina maana yake, kwa kuwa inaonyesha kazi imefika wapi. Lakini zisome makala hizi kwa mfuatano na utaona swali moja likikua kwa miaka zaidi ya ishirini: nani anakufa, nani anabaki na ulemavu, nani anaweza kusaidiwa. Hilo haliandikwi kwenye jedwali la marejeleo.

Hesabu hiyo pia haimfikii muuguzi wa kituo cha afya cha kijijini, ambaye ndiye anayepaswa kulitumia jibu. Mtoto aliyezimia kwa malaria asiruhusiwe kwenda nyumbani na vidonge pekee. Kadi yake iandikwe tarehe ya kurudi, apimwe kusikia, kusema, kutembea na kukumbuka, na mwalimu wake aambiwe alichougua. Elimu hii imetoka kwa watoto wa wodi za Mulago na Kilifi. Watoto wa Buteba wana haki ya kufaidika nayo.