Asili ya Jina la Jeni Moja

Mwaka 1961 daktari Denis Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walitoka Kampala kwa gari wakaelekea kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama imepata kuona watoto wenye uvimbe wa taya. Ilidhihirika kwamba saratani ile hufuata nchi za joto na mvua, na huadimika milimani. Kwa kanuni hiyo mwambao wa Ziwa Nyasa, toka Lituhi hadi Mbamba Bay, ulio kadiri ya mita 475 juu ya bahari, wahesabika katika nchi za ugonjwa huo kuliko vilima vya Umatengo nyuma ya Mbinga, ambako baridi huuma.

Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, London, waliona virusi katika chembe za uvimbe zilizopelekwa kutoka Uganda. Wengi walidhani kwamba chanzo kimekwisha kupatikana. Kumbe jeni iliyo kiini cha uvimbe huo ingejulikana kwanza kwa njia ya kuku.

Tangu mwaka 1911 Peyton Rous, New York, alikuwa ameonyesha kwamba uvimbe wa kuku waweza kupitishwa kwa maji yaliyochujwa, yasiyo na chembe hata moja. Mwaka 1976 Stehelin, Varmus, Bishop na Vogt walitambua kwamba jeni iuletayo, yaani src, asili yake si virusi: imo katika chembe za kuku wazima. Virusi vya namna hiyo hupachika nakala yao ndani ya kromosomu ya mwenyeji, na mara chache hutoka vimebeba jeni ya jirani. Katika chembe jeni hiyo ina wakati wa kufanya kazi na wakati wa kunyamaza. Ndani ya virusi haina tena wa kuizuia.

Jeni ya myc nayo ilijulikana hivyo, ikaitwa kwa jina la ugonjwa wa kuku. Mwaka 1982 ikaonekana katika uvimbe wa Burkitt, lakini huko hakuna virusi vilivyoileta. Ni jeni ya mtoto mwenyewe, iliyohama kromosomu ya 8 ikakaa, mara nyingi, katika ya 14, kando ya jeni za kingamwili zisizotulia. Virusi vya Epstein, na malaria pia, huandaa njia tu.

Basi kuiita “jeni ya virusi” ni kumpa mwizi umiliki. Tena mzazi wa Liuli alisikiapo jina hilo aweza kudhani kwamba mwanawe ataambukiza wenzake saratani, akamficha, hali uvimbe huu hukua upesi mno na dawa huuponya ukiwahiwa. Ningependelea “jeni iliyochukuliwa” kwa ile iliyomo ndani ya virusi, na “jeni ya ukuzi” kwa ile tuliyozaliwa nayo.