Kinasa Sauti cha Begani na Kumbukumbu ya Kanisa

1. Utangulizi

Kanisa la Matengenezo limejifahamu tangu mwanzo kuwa kanisa la kusikia. Mtume Paulo, katika sura ya 10 ya Waraka kwa Warumi, aifungamanisha imani na sikio. Naye Martin Luther alifundisha kwamba kanisa ni nyumba ya kinywa kuliko kuwa nyumba ya kalamu. Hata hivyo, historia ya makanisa yetu imehifadhiwa karibu yote kwa kalamu: taarifa za wamisionari, mihtasari ya mikutano, madaftari ya ubatizo. Makala haya yanakusudia kueleza habari za chombo kimoja kilichowezesha sauti yenyewe kuhifadhiwa mahali iliposemwa, yaani kinasa sauti cha utepe kilichobebwa begani, na kuuliza ni wajibu gani tulioachiwa sisi tuliorithi tepe zake.

2. Kabla ya chombo cha begani

Thomas Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alisafiri katika maeneo ya Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu ya silinda za nta, akanasa nyimbo za wenyeji. Chombo kilibebeka, lakini silinda moja ilijaa kwa dakika chache tu, na kila ilipochezwa nta ililika.

Utepe ulileta njia nyingine. Mwaka 1928 Fritz Pfleumer wa Dresden alipata hataza ya ukanda wa karatasi uliopakwa unga wa chuma. Kampuni za AEG na BASF ziliendeleza wazo hilo, na mwaka 1935 mashine iitwayo Magnetophon ilionyeshwa Berlin. Mwaka 1940 wahandisi Walter Weber na Hans-Joachim von Braunmühl waligundua namna ya kupunguza sana mvumo wa utepe kwa kuchanganya sauti na umeme wa mawimbi ya juu. Tusisahau kwamba walikuwa wakiitumikia redio ya serikali ya Hitler. Chombo kile kile kilichokuja kubeba mahubiri kilikuwa kwanza kimebeba hotuba za chuki.

Baada ya vita mashine hizo zilisambaa duniani, lakini zilikuwa nzito nazo zilihitaji umeme wa kudumu. Hugh Tracey, aliyenasa muziki wa Tanganyika mwaka 1950, alisafiri na gari lililobeba mitambo yake pamoja na jenereta. Jenereta iliwekwa mbali na waimbaji, ikaunganishwa kwa waya mrefu, ili mngurumo wake usiingie katika wimbo. Pale ambapo gari halikuweza kupita, sauti za watu hazikunaswa.

3. Kazi ya Kudelski

Aliyeondoa kizuizi hicho alikuwa mkimbizi. Stefan Kudelski alizaliwa Warsaw mwaka 1929. Vita vilipoanza jamaa yake waliikimbia Poland, wakafika hatimaye Uswisi. Akiwa bado mwanafunzi wa uhandisi mjini Lausanne, mwaka 1951 alitengeneza kinasa sauti alichokiita Nagra, neno ambalo kwa Kipolandi maana yake ni “itanasa”. Chombo hicho cha kwanza kilikuwa na valvu zilizotumia betri, na utepe wake ulivutwa kwa springi iliyokazwa kwa mkono kama saa ya kutiwa ufunguo. Redio ya Geneva ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wa kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilitoka Nagra III. Hii ilitumia transista badala ya valvu, na betri 12 kubwa ziliendesha mota iliyorekebisha mwendo wake yenyewe. Jambo hili la mwisho lilikuwa la maana sana, kwa kuwa utepe ukienda kwa kasi isiyo sawa, sauti hupanda na kushuka, na mwimbaji husikika kana kwamba amepotea njia. Chombo kilikuwa na uzito wa kilo 6 hivi, na usafi wa sauti yake ulikaribia ule wa studio. Mwaka 1961 kampuni ya Uher ya Ujerumani ilitoa kinasa sauti kidogo zaidi, 4000 Report, kilichotumia betri 5 na kupendwa na watangazaji wengi.

Utepe wa mita 180 kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde ulidumu dakika 16 hivi. Kwa hiyo mnasaji alilazimika kuchagua la kunasa na la kuacha. Kisha utepe ulikatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa gundi. Kikohozi kiliweza kuondolewa, lakini vivyo hivyo neno “si” liliweza kuondolewa katika sentensi ya mtu. Amri ya Nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo, ilihusu pia wembe huo.

4. Sauti ya Injili

Tarehe 26 Februari 1963 Kituo cha Redio Sauti ya Injili kilifunguliwa Addis Ababa chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani. Mwaka huo huo makanisa 7 yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mpango wa kituo haukuwa kwamba watu wa Addis Ababa waseme kwa niaba ya Afrika yote. Vipindi vilitayarishwa katika studio za maeneo, na studio ya Kiswahili ilikuwa Moshi. Vilinaswa kwenye utepe, utepe ukasafirishwa hadi Ethiopia, kisha sauti ikarudi hewani kwa mitambo ya masafa mafupi. Utaratibu huo usingewezekana bila utepe: ndio uliowezesha usharika ulio mbali na mitambo kusikia lugha na lafudhi yake katika redio.

Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitwaa mitambo hiyo. Studio ya Moshi iliendelea na kazi yake. Tunajifunza hapa kwamba anayepoteza mnara hajapoteza yote, maadamu watu wanaojua kunasa na kutunza wangalipo.

5. Tepe zinazokufa

Utepe ulikuwa ghali, nao uliweza kufutwa na kutumiwa tena. Vituo vingi duniani vilifuta vipindi vya jana ili kunasa vya leo. Zile zilizosalimika zinakufa polepole. Tepe za kale za asetati hutoa harufu ya siki na kukunjamana. Tepe nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu hewani, zikanata. Ukizicheza, unga hubanduka pamoja na sauti iliyomo. Tena mashine za kuzichezea zimekuwa adimu. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha watunza hifadhi za sauti, IASA, walianzisha mradi wa kutoa tahadhari, wakikadiria kwamba nafasi ya kuziokoa ingefungwa karibu na mwaka 2025. Muda huo umekwisha kutufikia.

6. Hitimisho

Basi mchungaji anayekuta tepe katika kabati la ofisi ya usharika asizitupe, wala asizijaribu kwa mashine yoyote iliyo karibu. Aziweke mahali pakavu na baridi. Aandike kila kilichoandikwa juu ya boksi, kisha awaulize wazee wangali hai: huyu ni nani, ilikuwa wapi, ilikuwa ibada gani? Halafu atafute mtaalamu wa kuzihamishia katika kompyuta. Wanafunzi wa historia ya kanisa nao wazihesabu tepe kuwa nyaraka sawa na barua na mihtasari. Katika mihtasari tutapata maamuzi ya mkutano, na majina ya waliohudhuria. Namna mwinjilisti alivyotua kabla ya kutamka jina la Yesu, na jinsi akina mama walivyoitikia, tutavipata katika utepe tu, kama bado unachezeka.