Njoro Kabla ya Makomredi

Ukisema Njoro, watu husikia Egerton: makomredi, hosteli, mathree za Nakuru zilizojaa hadi mlangoni. Lakini Njoro ilikuwa stesheni kabla ya kuwa na chuo, na ukifuatilia stori yake utaona hata hicho chuo ni mtoto wa reli.

Reli ya Uganda ilianzia Mombasa 1896 ikafika Kisumu, enzi hizo Port Florence, Desemba 1901. Kutoka Nakuru ilipanda milima ya Mau kupitia Njoro. Uingereza ilikuwa imemwaga zaidi ya pauni milioni 5, na garimoshi halikuwa na mzigo wa kurudisha pesa hizo. Dawa yao ikawa kuleta walowezi walime, mazao yasafirishwe. Mwaka wa 1903 Lord Delamere akapewa ekari 100,000 hapo Njoro kwa miaka 99. Mwaka wa 1904 Wamaasai wakawekewa mkataba wa kuondoka Bonde la Ufa kando ya reli, wengi wahamie Laikipia. Hebu rudia hizo tarehe mbili.

Nilipokuwa chuo, kabla niachane nacho, reli tulifundishwa kama stori ya simba wa Tsavo. Simba wawili! Ekari hatukuambiwa.

Ndani ya treni, Mzungu alikaa daraja la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Bonde la Ufa lilijaa familia za Wakikuyu zilizokuja kutafuta malisho na kazi, zikaishi kwenye mashamba ya walowezi kama maskwota. Watoto wakazaliwa huko, wengine hawakuwahi kuona Kiambu wala Murang'a. Halafu Hali ya Hatari ikatangazwa Oktoba 1952. Kufikia 1953 maelfu yao walikuwa wakirudishwa Mkoa wa Kati kwa nguvu, kwa malori na kwa treni. Kwa kijana aliyezaliwa shambani, huko "nyumbani" kulikuwa ugenini.

Shule ya kilimo ya Lord Egerton ilikuwa imeanza 1939, ya kufundisha vijana wa Kizungu ukulima kwenye ardhi hiyohiyo iliyofunguliwa na reli. Ilipofika 1987 ikawa chuo kikuu kamili, lakini stesheni ilikuwa imepoa kitambo. Miaka ya 1920 njia mpya ya Uganda ilichepuka Nakuru ikaelekea Eldoret, na Njoro ikabaki kwenye tawi la Kisumu. Baadaye barabara ikamaliza kazi.

Desemba 2021 treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilirudi baada ya miaka mingi ya kimya. Iliondoka Nairobi jioni ikafika Kisumu asubuhi, kwa hivyo Njoro ilipitwa gizani, makomredi wakiwa wamelala.