Ikebana: Kwa nini fundi husimama nyuma ya chombo cha maua?

Kupanga maua nyumbani ni jambo moja, kuyapanga jukwaani ni kitu kingine kabisa. Kwenye ikebana, sanaa ya Kijapani ya kupanga maua, fundi anayefanya onyesho husimama nyuma ya chombo. Watazamaji wanaona uso wa kazi, yeye anaona mgongo wake. Wajapani huita ushiro-ike, yaani kupanga kutoka nyuma.

Si mchezo. Katika shule ya Sogetsu, iliyoanzishwa na Sofu Teshigahara mwaka 1927, mwanafunzi huanza na mtindo wa matawi makuu matatu: shin, soe na hikae. Ukipima kutoka wima, shin huinama nyuzi kama 15, soe 45 na hikae 75, yote yakielekea mbele. Sasa fundi akiwa nyuma, kushoto kwake ni kulia kwa watazamaji, na tawi analoliona limekaa sawa, wao huenda wanaliona limeanguka.

Matawi huchomekwa kwenye kenzan, kitako kizito cha madini chenye sindano zilizosimama, ambacho hukaa ndani ya maji. Tawi gumu hukatwa mshazari ili liingie vizuri. Ila likishakatwa fupi limeshakuwa fupi, na ukumbi mzima umeona, hivyo akiba huwekwa pembeni kwenye ndoo.

Baadhi yao huzunguka mbele mara moja, wakatazama, kisha wakarudi nyuma kurekebisha jani moja tu.