Magadi, alkali na madini ya mwili: kipi ni chakula, kipi ni dawa

Malipo ya korosho yakishaingia, kuanzia Masasi hadi Newala, magulio huchangamka. Pamoja na wauza khanga na mabati hufika pia watu wenye vipaza sauti na makopo ya unga. Maneno yao yanafanana: damu yako imejaa asidi, ndiyo maana unaumwa viungo, presha, kisukari, hata uvimbe, ukitumia unga huu wa alkali, mwili utajisafisha. Bei ya kopo moja ingenunua mbaazi za nyumba nzima kwa siku nyingi. Katika maneno hayo kuna ukweli na kuna uongo, navyo vimechanganywa kama mchanga na mchele. Makala hii inajaribu kuvipepeta.

Asidi, au tindikali, ni kitu chenye ukali kama wa limau, siki au ukwaju. Alkali ni kinyume chake: huteleza mkononi kama sabuni, na ikikutana na asidi huipoza. Magadi ni alkali. Maji yaliyochujwa kwenye majivu nayo ni alkali, na neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, likihusu majivu ya mimea. Wataalamu hutumia kipimo cha pH kinachoanzia 0 hadi 14. Katikati ni 7. Chini ya hapo ni asidi, juu yake ni alkali.

Habari ya majivu ndiyo chanzo cha jambo lote. Kabla ya chumvi ya dukani kuwa rahisi kupatikana, bibi zetu walichoma mabua au maganda ya ndizi, wakayaweka majivu kwenye chombo chenye matundu, wakamimina maji na kukinga yaliyochuruzika. Hayo ndiyo magadi ya majivu. Magharibi mwa Kenya Waluhya huyaita musherekha. Huko Ulaya, katika karne ya 19, wanasayansi nao walichoma vyakula na kupima majivu yake. Mboga, matunda na mizizi viliacha majivu ya alkali kwa sababu vina potasiamu, kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Nyama, mayai na nafaka viliacha majivu ya asidi. Ndiyo maana utasikia kwamba limau, ingawa ni kali mdomoni, ni "chakula cha alkali".

Kosa ni kudhani kwamba mwili ni moto wa kuni na damu ni majivu yake. Damu ya mtu mzima mwenye afya hubaki kati ya pH 7.35 na 7.45, awe amekula nyama choma au mlenda. Mapafu hutoa hewa chafu yenye asidi kila unapopumua, na figo humwaga ziada kwenye mkojo. Kinachobadilika kwa chakula ni mkojo.

Hapo ndipo ulipo ujanja wa karatasi. Muuzaji anakupa karatasi ya kupima mkojo, inaonyesha asidi. Unakunywa unga wake siku mbili, unapima tena, rangi imegeuka. Umeona kwa macho yako, unamwamini. Ulichokiona ni figo zako zikitupa nje kile ulichonunua.

Wapo watu ambao damu yao huingia asidi kweli. Ni mgonjwa wa kisukari kilichopanda bila kudhibitiwa, mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi, au mtoto aliyeharisha mpaka macho yamezama. Hao ni wagonjwa mahututi, na mahali pao ni hospitali. Kwa mtoto anayeharisha, alkali ya kweli inapatikana zahanati ndani ya pakiti ndogo ya ORS. Mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una, kwa lita moja ya maji, chumvi ya kawaida gramu 2.6, chumvi ya potasiamu gramu 1.5, sukari ya glukosi gramu 13.5, na sitreti ya sodiamu gramu 2.9. Hiyo sitreti ndiyo inayosaidia kupunguza asidi iliyozidi kwenye damu, na potasiamu hurudisha iliyopotea kwa kuharisha. Pakiti ya lita moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji safi, si vikombe viwili, wala usigawe pakiti. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki kama mhudumu atakavyoelekeza.

Kuhusu alkali kutibu saratani, kesi inayofaa kukumbukwa ni ya Marekani. Robert O. Young alipata umaarufu kwa kitabu chake cha mwaka 2002 kilichofundisha kwamba magonjwa hutokana na asidi mwilini. Wagonjwa wa saratani walimwendea, naye akawa anawatundikia dripu za bakingi soda. Hakuwa daktari. Alitiwa hatiani California kwa kutibu watu bila leseni, akafungwa mwaka 2017. Mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama huko San Diego liliamuru amlipe mgonjwa mmoja dola milioni 105, mwanamke aliyekuwa ameacha matibabu ya hospitali kwa kumwamini mpaka saratani ikasambaa.

Madini yenyewe yana kazi

Sasa ule ukweli uliochanganywa na uongo. Potasiamu, magnesiamu na kalsiamu ni za lazima, hata kama hazigeuzi damu kuwa alkali. Potasiamu husaidia kushusha presha na huongoza mapigo ya moyo. Magnesiamu inahitajika na misuli na mishipa ya fahamu. Kalsiamu hujenga mifupa na meno. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku.

Nani mwenye madini hayo? Ni sisi. Gramu 100 za mbaazi kavu zina potasiamu karibu miligramu 1,400 na magnesiamu zaidi ya 180. Korosho za uzito huohuo zina magnesiamu karibu miligramu 290, wakati mtu mzima anahitaji kati ya 310 na 420 kwa siku. Ufuta usiokobolewa una kalsiamu karibu miligramu 975, lakini ukikobolewa sehemu kubwa ya kalsiamu huondoka na maganda. Dagaa wanaopanda kutoka pwani, wakiliwa wazima na mifupa yao, ni kalsiamu tupu. Ongeza papai, ndizi, majani ya maboga, kunde, na mabibo kabla hayajageuzwa kuwa uraka. Inashangaza kwamba korosho na ufuta tunavipakia kwenye magunia viende mnadani, kisha sehemu ya pesa inarudi kununua madini hayohayo yakiwa kwenye kopo.

Upungufu wetu uko upande mwingine. Ugali wa muhogo unashibisha, ila madini yake ni machache, kwa hiyo kinachowekwa pembeni ya ugali ndicho kinachobeba kazi yote. Bakuli dogo la mboga kwa watu sita halitoshi. Kumbuka pia kwamba potasiamu huyeyuka kwenye maji: ukichemsha mchicha na kumwaga maji yake, umemwaga madini. Chemsha kwa maji kidogo, yabaki yawe mchuzi. Kisamvu kina sheria yake. Lazima kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha ili sumu yake iishe, hapo usifanye haraka.

Magadi jikoni

Wengi huona kwamba kwa kuwa magadi ni alkali na ni ya asili, basi yakiwa mengi ndiyo afya. Magadi ya mawe hutoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron kaskazini mwa nchi yetu na Ziwa Magadi huko Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Ni sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Takriban theluthi moja ya uzito wa magadi safi ni sodiamu. Mwenye presha aliyepunguza chumvi lakini bado anatia magadi kwenye maharage, mlenda na kisamvu, hajapunguza alichodhani amepunguza. Tena baadhi ya magadi ya maziwa hayo yana floraidi nyingi, ile inayofanya meno ya watoto wa maeneo ya Arusha na Kilimanjaro kuwa ya kahawia.

Magadi hulainisha maharage na kuacha mboga na rangi ya kijani, hilo halina ubishi. Lakini huharibu vitamini B1 na C. Badala yake loweka maharage au mbaazi usiku kucha, mwaga maji, kisha chemsha. Kuni zitapungua bila magadi. Ukishindwa kabisa kuyaacha, basi iwe punje ndogo, na siku hiyo punguza chumvi. Wanaolamba magadi kwa ajili ya kiungulia hupata nafuu ya muda, maana asidi ya tumbo imepozwa. Kiungulia kinachorudi kila wiki, au kinachoambatana na kutapika damu au choo cheusi, kinahitaji daktari.

Nani basi anahitaji vidonge? Mama mjamzito anahitaji vidonge vya madini chuma na foliki asidi vya kliniki, na pale chakula kinapokuwa na kalsiamu kidogo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza aongezewe kalsiamu ili kumkinga na kifafa cha mimba. Hivyo viwili visimezwe kwa wakati mmoja, kwa sababu kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse unga wowote wa potasiamu wala magadi ya majivu, kwani potasiamu ikijaa kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Anayemeza dawa za presha kama enalapril, lisinopril au spironolactone amuulize daktari kwanza, maana dawa hizo huzuia potasiamu isitoke.

Maji ya mvua nayo yametiwa kwenye biashara hii. Huku juu Newala, ambako maji ya mradi wa Makonde husukumwa kutoka bondeni na nyumba nyingi hutegemea tangi la bati, wapo wanaoambiwa maji ya mvua ni asidi na yanaua mifupa. Maji ya mvua huwa na asidi kidogo sana na madini machache, lakini hakuna mifupa inayovunjika kwa hilo, kwa sababu kalsiamu tunaitegemea kwenye chakula. Cha kuogopa kwenye tangi ni kinyesi cha ndege na panya. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, funika tangi, na chemsha maji ya kunywa.

Na mtu akikuambia unga wake unatibu presha, kisukari au saratani, basi amesema anauza dawa. Dawa za hospitali husajiliwa na TMDA. Za asili na mbadala zinasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwombe akuonyeshe usajili kabla hujafungua pochi. Kama tayari umeshanunua na unatumia, usiache vidonge vyako vya presha wala sindano ya kisukari. Chukua kopo lenyewe uende nalo zahanati au Hospitali ya Ndanda, wasome kilichoandikwa na kukupima presha hapohapo.