Kibra: kutoka eka 4,197 hadi 288

Kwa Kinubi, kibra ni msitu. Ndivyo walivyopaita Wanubi, askari wa asili ya Sudan waliokaa hapo, pembeni mwa Nairobi, mwanzoni mwa karne ya 20. Matamshi ya Kibera yalikuja baadaye, pamoja na wapangaji.

Askari hao walitokana na jeshi la gavana Emin Pasha lililokwama kusini mwa Sudan baada ya uasi wa Mahdi. Mwaka 1891 Lugard, ofisa Mwingereza, aliwachukua kwenda Uganda, na vizazi vyao vikaingia Keya, yaani jeshi la King's African Rifles (KAR). Walipigana vita vya Waingereza kila upande wa Afrika Mashariki. Walipostaafu, wengi hawakuwa na kijiji cha kurudia. Mwaka 1918 Kibra, eka zipatazo 4,197, ikatangazwa rasmi kuwa eneo la kijeshi, wao wakakaa humo kwa vibali.

Shida yote ilianzia kwenye vibali hivyo. Kenya ya mkoloni ilimtambua Mwafrika kwa kabila lake na eneo lililotengewa kabila hilo. Mnubi hakuwa na eneo, kwa hiyo akahesabiwa mgeni hata mahali alipozikia wazazi wake. Tume ya ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, iliwaona kuwa wapangaji wa Serikali wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Damu yao ilikubaliwa vitani, makao yao yakakataliwa.

Uhuru ulirithi daftari hilo la mkoloni bila kulifuta, na hilo linaniuma zaidi kuliko dhuluma ya mkoloni mwenyewe. Ardhi ikabaki ya Serikali. Mitaa ya Ayany, Olympic, Fort Jesus na Nyayo Highrise ikajengwa, na Kibra ikazidi kumegwa. Kijana wa Kinubi aliyefikisha miaka 18 alipigwa msasa mbele ya kamati, akidaiwa hati za babu yake, ndipo apewe kitambulisho. Katika sensa aliandikwa miongoni mwa "wengineo" hadi mwaka 2009. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia.

Wakati huohuo Kibra ilijaa Waluo, Waluhya, Wakisii na Wakamba waliofuata kazi mjini. Mnubi asiye na hati akawa mwenye nyumba, akapangisha vyumba vya udongo na mabati. Mwishoni mwa 2001 ugomvi wa kodi kati ya wenye nyumba na wapangaji ulimwaga damu. Waliopigana wote walikuwa wamelala miaka yote hiyo juu ya ardhi isiyokuwa yao kisheria.

Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ikakabidhiwa hatimiliki ya eka 288. Wazee waliingoja karibu karne nzima, na walistahili kuipata. Mtoto wa mpangaji aliyezaliwa Lindi au Laini Saba, vijiji vya Kibra, naye hajui nyumbani kwingine. Hati hiyo haimtaji.