Jibu la Katikati

Wanawake wa Migori na Homa Bay wamebebeshwa lawama kwa jambo ambalo vipimo vyenyewe havikuweza kulithibitisha. Mama anawashwa, anatokwa na uchafu wenye harufu, anatibiwa, anapata nafuu. Mwezi haujaisha, hali imerudi. Nyumbani anaulizwa amekuwa na nani. Nimefanya kazi ya maabara huku tangu enzi za wilaya ya Nyanza Kusini, na historia ya vipimo hivi inatosha kumwondolea mama huyo tuhuma.

Kwa miaka mingi tegemeo letu lilikuwa swabu, tone la maji ya chumvi na hadubini. Ulitafuta trikomonasi, kidudu ambacho Alfred Donné alikieleza kule Paris mwaka 1836. Hujulikana kwa kuchezacheza kwake. Kikishapoa hutulia, na kikitulia ni vigumu kukitenga na chembe nyeupe za damu, kwa hiyo swabu husomwa mara tu inapofika. Lakini asubuhi mezani kulikuwa na damu za malaria, makohozi ya TB na vipimo vya wajawazito. Swabu ilingoja. Hata isipongoja, hadubini yaweza kukosa karibu nusu ya maambukizi hayo. Karatasi ikiandikwa “hakuna kilichoonekana”, mgonjwa aliambiwa hana kitu.

Miaka ya 1990 Kenya ilipokea utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kwa kufuata dalili. Zahanati nyingi hazikuwa na maabara, na aliyevuka ziwa kwa boti kutoka kisiwa cha Mfangano alistahili dawa siku hiyohiyo. Utaratibu huo uliwafaa wengi. Hata hivyo, uchafu ukeni ni shahidi dhaifu: wapo wenye kisonono au klamidia wasio na dalili yoyote, na wapo wengi wenye uchafu wasio na hata kimoja kati ya hivyo. Waliotibiwa kwa dalili tu walirudi nyumbani na jina la ugonjwa wa zinaa ambao huenda hawakuwa nao. Wengine wakawa wananunua dawa ya fangasi kwenye kemisti kwa kubahatisha.

Mara nyingi tatizo lilikuwa vajinosisi ya bakteria. Hapa bakteria walinzi wa uke hupungua, wengine wakazidi. Mwaka 1955 Gardner na Dukes, wa Houston, waliamini kwamba kisababishi ni bakteria mmoja. Baadaye ikaonekana ni kundi zima. Mwaka 1991 Nugent na wenzake walitupa alama za kusomea slaidi: 0 hadi 3 ni salama, 7 hadi 10 ni ugonjwa, na 4 hadi 6 ni katikati. Alama hiyo ya katikati huwatesa wagonjwa, kumbe ni taarifa ya kweli: bakteria wa uke hubadilika kwa hedhi, kwa tendo la ndoa, na kwa kujiosha ndani kwa sabuni. Dawa ya metronidazoli huwapunguza bakteria waliozidi, ila zaidi ya nusu ya waliotibiwa hurudiwa ndani ya mwaka mmoja.

Jambo hili si dogo. Vajinosisi huongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi, na uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano Homa Bay anaishi navyo.

Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2025 ulihusisha wanawake wenye vajinosisi na mwenzi mmoja tu. Mume alipotibiwa pia, kwa vidonge na krimu, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 35 ya wanawake katika wiki 12. Alipoachwa bila kutibiwa, ulirudi kwa asilimia 63. Bakteria hao huishi hata kwa wawili walioaminiana.

Kwa hiyo mama anayerudi mara ya tatu asipewe vidonge vilevile na kuagwa. Apimwe upya, aelezwe kipimo kinaona nini na kinakosa nini, na mumewe aitwe kama mgonjwa mwenzake, si kama hakimu.